Elimu ya Vumbi Lisiloonekana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama ba'ad.

Mama mmoja wa Kibokoni ameniletea swali ambalo si la tohara, si la talaka, wala si la mirathi. Binti yake amemaliza kidato cha nne, amefaulu fizikia na hisabati, na sasa anataka kusomea elimu ya hewa. Hakusudii habari za mvua na jua tunazozisikia redioni baada ya taarifa ya habari. Anakusudia moshi na vumbi: vinatoka wapi, vinapelekwa wapi na upepo, na vitakuwa kiasi gani kesho. Mjomba wa binti alicheka, akasema, "Dada, tumsomeshe miaka minne kisha aje atupigie hesabu za vumbi?" Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, je, hiyo ni elimu yenye manufaa kwa mizani ya dini yetu? La pili, je, iko kweli kazi ya namna hiyo kwa watu wa Afrika Mashariki, ama ni ndoto ambayo vijana huiokota katika simu?

Swali la pili ndilo jepesi, kwa hivyo nitaanza nalo.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia. Jina lake huwatisha watu, wakadhani humo hutengenezwa mabomu. Humo ndimo mwanasayansi Mkenya, Michael Gatari, alimofanyia kazi yake ya kupima chembe zilizomo katika hewa ya nchi hii, na jina lake limo katika tafiti nyingi za hewa ya Nairobi. Mwaka 2003, yeye na Johan Boman wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walichapisha vipimo vya kaboni, yaani masizi, walivyovichukua mjini na mashambani hapa Kenya. Wakati huo mtu aliyesema kwamba hewa ya Nairobi ni chafu aliambiwa ni mpenda lawama. Yeye alikuwa na namba.

Namba hizo hupatikanaje? Inafaa tuifahamu kazi yenyewe kabla ya kuihukumu, kwani desturi yetu ni kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Pampu ndogo huwekwa juu ya paa au kando ya barabara, nayo huvuta hewa saa nyingi mfululizo na kuipitisha katika kichujio chembamba kama karatasi ya sigara. Kichujio hicho hupimwa uzito kabla na baada, katika mizani inayotambua sehemu moja ya milioni ya gramu. Tofauti ya uzito ndiyo vumbi lililokuwamo. Kisha kichujio hupigwa kwa mionzi ya eksirei. Kila madini yakipigwa na mionzi hiyo hujibu kwa mng'ao wake maalumu usiofanana na wa mengine: chuma hujibu kwa sauti yake, risasi kwa yake, zinki kwa yake. Mtaalamu husoma majibu hayo akajua katika vumbi lile mna nini na kiasi gani.

Chembe zinazotafutwa zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako. Ungeweza kupanga chembe kama hizo karibu thelathini juu ya upana wake. Tunalisoma neno dharra katika Suratul Zilzala, na wafasiri wakatupigia mifano ya kidudu chungu na ya vumbi linaloonekana katika mwale wa jua upenyao dirishani. Lile la kwenye mwale ni kubwa, jicho linaliona, na pua na koo hulizuia sehemu kubwa. Hili dogo halina wa kulizuia. Hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na lililo dogo zaidi huvuka likaingia katika damu. Kwa sababu hiyo madaktari hawalihusishi na pumu peke yake, bali pia na maradhi ya moyo na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kipimo cha wastani wa mwaka kuwa maikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, na maikrogramu 15 kwa siku moja. Kipimo cha mwaka kilichotangulia, cha 2005, kilikuwa 10. Sasa linganisheni. Mwezi Julai 2009, Gatari pamoja na Patrick Kinney wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao walipima hewa ya mchana Nairobi na nje yake. Huko mashambani walipata karibu 11. Katikati ya jiji, kwenye njia ya waendao kwa miguu, palipokaa wauza magazeti na wang'arisha viatu, walipata 98. Nchi ni moja na mwezi ni ule ule. Mwenye gari alipita na kwenda zake, na mwuza magazeti alikaa pale tangu asubuhi mpaka jioni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi ambayo binti wa Kibokoni anaitamani, kwani kupima ni nusu ya elimu hii tu. Nusu ya pili ni hesabu. Mtafiti Samuel Gaita, akiwa pamoja na Gatari, Boman na wengine, alichukua vichujio vilivyokusanywa Nairobi kuanzia Mei 2008 hadi Aprili 2010, katika sehemu mbili, moja ya mjini na moja ya pembezoni. Wastani wa siku ulikuwa 21 mjini na 13 pembezoni. Lakini hakutosheka na kusema "mji ni mchafu", maana hilo hata mpita njia mwenye leso nyeusi analijua. Aliuliza: uchafu huu ni wa nani?

Kielelezo cha hesabu alichokitumia hakiambiwi chochote kuhusu magari, viwanda wala majiko. Hupewa orodha ndefu ya siku na madini yaliyopatikana kila siku, basi. Kazi yake ni kutafuta madini gani hupanda pamoja na kushuka pamoja. Ikionekana kwamba silikoni, alumini na chuma huongezeka siku moja na kupungua siku moja, hesabu huyaweka katika fungu moja. Kisha anakuja mwanadamu mwenye elimu, analitazama fungu lile na kusema: huu ni udongo. Fungu lenye potasiamu na masizi huashiria kuni na takataka zinazochomwa. Hesabu hukusanya mafungu, lakini haijui majina yake. Majina hutolewa na mtu aliyekaa miaka akisoma, naye akikosea jina hesabu yote huwa bure. Katika utafiti huo, uliochapishwa 2014, udongo na magari kwa pamoja vilichukua takriban asilimia 74 ya chembe hizo.

Sisi tuliokulia katika vyuo vya Qur'ani na darasa za hadithi tunapaswa kuielewa kazi hii upesi kuliko wengine. Kwa mfano tu, na mfano si usawa: mwanachuoni wa hadithi hupokea maneno, akauliza yamepita kwa nani, na huyo aliyapokea kwa nani, na je, walikutana, na je, hifadhi yao ilikuwa madhubuti. Mtaalamu wa hewa amepokea chembe badala ya maneno, naye anaufuata msururu wake kurudi nyuma mpaka kwenye bomba la lori au kwenye barabara isiyotiwa lami. Na kama ilivyo kwa muhadithi, heshima yake iko katika kukataa kusema zaidi ya ushahidi alio nao. Si jambo dogo kupata kijana wa siku hizi mwenye tabia hiyo.

Faida ya kujua asili ya chembe ni kwamba dawa hutofautiana. Kama ni udongo, tia lami na panda nyasi. Kama ni dizeli, kagua malori. Serikali isiyojua hutumia fedha kwenye lililo rahisi kuonekana. Kenya iliacha petroli yenye risasi kuanzia 2006, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, na hilo halikuja kwa mawaidha matupu. Lilikuja kwa sababu walikuwapo watu duniani kote waliopima risasi katika hewa na katika damu za watoto, wakaweka karatasi mezani mbele ya wakubwa.

Wako waliopata njia ya kuijua hewa ya zamani, kabla ya vichujio. Mwaka 2020, Ajit Singh, William Avis na Francis Pope wa Chuo Kikuu cha Birmingham walichukua kumbukumbu za umbali wa kuona, zile ambazo watu wa hali ya hewa huandika kila siku, tangu 1974 mpaka 2018, kwa Nairobi, Kampala na Addis Ababa. Chembe zikizidi hewani, macho hayafiki mbali. Waliona kwamba umbali wa kuona Nairobi umepungua kwa asilimia 60, Kampala 56, na Addis Ababa 34. Kwa hesabu zao, chembe katika hewa ya Nairobi zimeongezeka kwa asilimia 182 katika muda huo. Mzee aliyekuwa akiuona Mlima Kenya kutoka Nairobi katika ujana wake, na sasa wajukuu wanamwambia anazua, ana haki ya kudai radhi.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mambo ya mwezi. Kila ishirini na tisa ya Shaabani na ya Ramadhani tunapanda mapaa na kwenda ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo, na mara ngapi tunarudi na maneno ya "ukungu ulikuwa mwingi upande wa magharibi"? Ukungu huo si wa mvua siku zote. Na si ajabu kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuifanyia hewa hesabu alikuwa kadhi: Ibn Mu'adh wa Jaén, huko Andalusia, katika karne ya 11. Aliandika risala juu ya mapambazuko, akatumia mwanga wa alfajiri kukadiria kimo cha mvuke uliouzunguka ulimwengu. Risala hiyo kwa muda mrefu watu waliidhania kuwa ya Ibn al-Haytham. Alihitaji kujua alfajiri kwa ajili ya sala, akaishia kuipima anga. Nasema haya kwa ajili ya wale wanaodhani elimu hizi zimetujia juzi kwa meli ya Mzungu.

Kampala nako ana mtu wake, na huyu nampenda kwa sababu ya jina. Anaitwa Engineer Bainomugisha. Engineer si cheo, ni jina alilopewa, na wazazi wake walikuwa na dua ndani ya jina hilo. Alisoma sayansi ya kompyuta Makerere, akaenda Ubelgiji, akapata shahada ya udaktari katika Vrije Universiteit Brussel mwaka 2012, kisha akarudi nyumbani kufundisha. Angeweza kubaki Ulaya na mshahara wake. Mwaka 2015 kazi ya AirQo ilianza pale Makerere: vifaa vidogo vya kupima vumbi, vilivyotengenezwa Uganda, vyenye kuvumilia joto na vumbi letu, vinavyotumia jua na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Vingine vilifungwa juu ya bodaboda, navyo vikazunguka mji wote. Mashine ya kupimia ya daraja la juu huuzwa kwa bei ya gari zuri, au nyumba. Vifaa hivi ni rahisi mno kuliko hiyo, kwa hivyo vinaweza kuwa vingi. Mwaka 2019 walipata msaada wa dola milioni 1.3 kutoka Google, na leo vifaa vyao viko katika miji kadhaa ya Afrika, Nairobi ikiwemo.

Lakini kifaa rahisi husema uongo kidogo, na hapa tena hesabu ndiyo yenye kazi. Kifaa hiki hakipimi uzito; humulika mwanga na kutazama jinsi chembe zinavyoutawanya. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hunywa maji zikavimba, na kifaa kikadhani vumbi limezidi. Kwa hivyo huwekwa kando ya mashine ya daraja la juu kwa muda, namba za viwili hivyo zikalinganishwa, na kompyuta ikafundishwa kusahihisha.

Sasa, ndugu zangu, Kampala na Nairobi ziko juu milimani. Mombasa je? Hapa kwetu kanzu iliyofuliwa magharibi bado mbichi alfajiri. Hewa yetu imejaa chumvi ya bahari, na chumvi ndiyo inywayo maji kuliko vyote. Kila mama aliyeacha kopo la chumvi wazi jikoni anajua. Sahihisho lililotengenezwa Kampala halifai kuvaliwa Mombasa kama nguo ya kuazima. Anahitajika mtu wa kulishona upya kwa kipimo cha hapa. Na afadhali awe mtu wa hapa, maana liko jambo la pili ambalo mgeni atalisoma vitabuni, na mtoto wa Mji wa Kale amelinyonya na maziwa: upepo.

Kielelezo chochote cha moshi huanza na upepo. Kusi linapovuma, hewa inatufikia kutoka baharini, na moshi wa Kilindini, Kipevu na Changamwe unasukumwa kuelekea bara. Linapokuja kaskazi, kuanzia Desemba, hewa inatujia kupitia Kisauni, Nyali na Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kimekuwako tangu miaka ya 1950. Baina yao iko miezi ya maleleji, upepo hauna msimamo. Tena kila siku ina zamu zake: mchana upepo wa bahari, na usiku upepo wa nchi kavu, ambao mabaharia wetu wameuita umande, unashuka kutoka magharibi na kuleta kisiwani kila kilichochomwa Makupa na mbele yake. Usiku huo huo hewa ya chini hupoa na kutulia, moshi usiweze kupanda. Anayetoka kwa sala ya alfajiri akanusa mpira uliochomwa, hakukosea. Ndio wakati wake. Mabaharia wa majahazi walikuwa na elimu hii kichwani, bila karatasi. Wajukuu wao wanaweza kuiandika kwa hesabu, na hakuna chuo cha Ulaya kitakachowafundisha kusi ni nini.

Ziko na alama ambazo Nairobi hawana. Meli kubwa huchoma mafuta mazito, na mafuta hayo huacha vanadi na nikeli katika chembe zake. Mtaalamu akiona vitu viwili hivyo vimepanda pamoja katika kichujio, anaitazama bandari. Tangu tarehe 1 Januari 2020 sheria ya kimataifa imepunguza salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Je, sisi tunaokaa mita chache kutoka maji tumefaidika kiasi gani? Hilo ni swali linalongoja mtu wa kulijibu, na binti wa Kibokoni ana umri wa kutosha kulingoja.

Wala mtu asiseme mambo haya ni ya kujistarehesha kwa vitabu. Kule Owino Uhuru, upande wa Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kutoa risasi, kilichoanza 2007 kikafungwa 2014. Vumbi na moshi wake viliangukia mabati, maji na miili ya watu masikini. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, alimwona mwanawe mchanga akiugua, damu yake ilipopimwa ikapatikana risasi, na hapo akasimama kudai haki. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua Julai 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda, uamuzi ukatenguliwa katika rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Nataka wazazi watazame jambo moja katika kesi hiyo. Machozi ya mama yalikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza, lakini kilichosimama mbele ya mahakimu ni vipimo vya damu, vya udongo na vya vumbi. Mnyonge bila kipimo huambiwa alete ushahidi.

Sasa swali la kwanza, la manufaa. Imamu Ghazali katika Ihya amezihesabu tiba na hesabu miongoni mwa faradhi za kutosheleza: wakipatikana wa kuzisimamia, wengine wameepukana na dhambi, wasipopatikana, mji mzima una deni. Elimu ya hewa imekusanya hizo mbili. Na fiqhi yetu haikungoja karne hii kuutambua moshi kuwa ni dhara. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis wa karne ya 14 aliyekuwa akitumwa na makadhi kukagua majengo yenye ugomvi, ameandika kitabu kizima juu ya hukumu za ujenzi, na ndani yake mna moshi wa hamamu na wa tanuri unaomdhuru jirani. Kadhi alimhitaji mwashi ili ajue dhara limefika wapi. Kadhi wa leo amhitaji nani?

Kwa hivyo namwambia mama: ndiyo, ni elimu yenye manufaa, na nia ikiwa safi ni ibada. Kwa mjomba nina neno la ziada, kwa heshima yake. Katika mji huu huu, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, Mungu amrehemu, alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawasihi Waislamu wasiziachie elimu za dunia zikapita mlangoni mwao. Baadaye ikajengwa Tudor ile taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, iliyoanza kusomesha 1951, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee walichanga kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Tukiwa sisi ndio tunaocheka binti anapotaka fizikia, basi tumelirudisha deni lao kinyume.

Sitaificha shida iliyomo. Vifaa vingi hununuliwa kwa fedha za wageni, na fedha zikiisha mashine hubaki chini ya turubai. Gaita na Gatari walihitaji Gothenburg, Bainomugisha alihitaji Brussels. Safari hizo ni ndefu, na kwa binti wa Kiislamu zina masharti yake ambayo wazee wake watayazungumza pamoja naye, si juu yake. Lakini mwanzo uko karibu. Nairobi kuna masomo ya elimu ya anga katika chuo kikuu, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina taasisi yake ya mafunzo. Fizikia, hisabati, kemia, na kuandika programu za kompyuta: akivishika hivyo vinne, hata asipokuwa mtaalamu wa vumbi hatakosa riziki.

Kabla sijafunga, jikoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba, wa kupikia zaidi, uliwaua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wengi wa wanaouvuta ni akina mama na watoto walio mgongoni au miguuni mwao. Nyumba zetu za mawe zina jiko la ndani lenye dirisha la kiasi cha sahani. Makaa hayatoi moshi unaoonekana, kwa hivyo tunayadhania safi, nayo hutoa chembe na hewa ya sumu pia. Mwanamume anayenunua simu mpya kila mwaka na mkewe anapulizia makaa chumbani, ajihesabu. Gesi ni ghali kuanza, najua. Basi angalau jiko litoke uani au paani, na wasilale nalo ndani mlango umefungwa. Ama udi na ubani, sitaki niletewe barua kwamba sheikh ameharamisha udi. Manukato ni sunna njema. Chetezo ni moto na moshi vilevile, hivyo kukiwa na mtoto mwenye pumu fukiza nguo kando, dirisha wazi, kisha mlete mtoto. Na wanaochoma mifuko ya plastiki uchochoroni baada ya isha, nyumba zimebanana hivyo na moshi hauna pa kutokea: hao hawana udhuru wowote ninaoujua.

Kwa binti, nina kazi ya kumpa akingoja barua ya chuo. Achukue daftari. Kila siku baada ya asiri apande paani, aandike tarehe, upepo unatoka wapi, na kitu cha mbali kabisa anachokiona ng'ambo ya maji upande wa Nyali na upande wa Changamwe. Asiruke siku, na siku asiyoona kitu aandike kwamba hakuona. Mwakani tarehe kama hizi atakuwa amepita kusi na kaskazi, naye aniletee daftari hilo nilitazame, inshallah.

Juma lijalo, Mola akitujaalia uhai, tutarudi kwenye mas-ala ya fungu la bibi katika mirathi, tuliyoyaacha katikati. Wabillahi tawfiq.